Injini ya Rota Irithiwe na Ndugu Yake

Lipo shauri ambalo kwa miaka mingi limewagawa wapenzi wa magari ya kale, nalo si jepesi kama linavyodhaniwa na wale wasiopata kushika spana. Gari la michezo lililopita umri wa miaka arobaini, ambalo bodi yake bado nzima na usukani wake bado msikivu, lakini injini yake imechakaa hata haizai tena nguvu, je, ni halali kulitia injini nyingine? Na ikiwa ni halali, injini hiyo iwe ya asili gani? Swali hili laweza kuulizwa juu ya gari lolote, ila hapana gari linalolizidishia uzito kama Mazda RX-7 ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa Hiroshima tangu mwaka 1978 hata 1985, kwa kuwa gari hilo lilichorwa kuizunguka injini ya rota. Na wembamba wa pua yake, uchini wa boneti yake, mahali alipokalishwa dereva na jinsi uzito ulivyogawanywa karibu nusu kwa nusu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yote hayo yalitokana na udogo wa injini ile. Rai yangu ni kwamba injini ya rota iliyokufa katika gari kama hilo irithiwe na injini ya rota iliyo ndugu yake, hata ikiwa ndugu huyo ni mkubwa zaidi au amezaliwa baadaye. Na kwamba mwenye kufanya hivyo kwa ukamilifu hajaliharibu gari, bali amelitendea insafu.

Yafaa kwanza msomaji aijue injini yenyewe. Katika injini ya kawaida pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na kila ifikapo ukomo wa mwendo wake husimama na kurudi ilikotoka, na huko kusimama na kurudi ndiko kunakozaa mtikisiko. Injini ya rota haina kwenda na kurudi. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye pembe tatu, ambacho pande zake zimebinuka kidogo kwa nje, kinachozunguka katika chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Na ncha za pembe hizo hugusa ukuta wa chumba daima bila ya kuuacha, hata baina ya rota na ukuta zikapatikana nafasi tatu zinazopanuka na kubanwa kwa zamu, na kila nafasi, katika mzunguko mmoja wa rota, huvuta hewa na petroli, hushindilia, huwaka, kisha hutoa moshi. Vali hamna, matundu ya kuingizia na ya kutolea hufunikwa na kufunuliwa na rota yenyewe. Shafti iliyo katikati huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota, na kwa hiyo mshale wa dashibodi unapofika 7,000 kwa dakika, ambapo RX-7 ya kwanza humpigia dereva kengele ya hadhari ili abadili gia, rota zenyewe hazijafika hata mizunguko 2,400. Ndiyo sababu dereva wa gari hilo huhitaji kengele: injini haimpi dalili ya kuchoka wala ya kulalamika, hupanda tu kwa sauti moja iliyonyooka, na asiyeizoea huipitisha mpaka wake bila ya kujua.

Asili ya injini hii ni Ujerumani. Felix Wankel, aliyezaliwa katika mji wa Lahr mwaka 1902 na asiyepata elimu ya chuo kikuu, aliishughulikia fikra yake kwa miongo ya miaka, hata kampuni ya NSU ikaiendesha injini ya kwanza ya majaribio mwaka 1957, na mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akairahisisha ikawa katika sura tuijuayo leo. NSU ilitoa gari dogo la Spider mwaka 1964, kisha mwaka 1967 ikatoa Ro 80, gari lililotunukiwa heshima ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini ncha za rota zikilika upesi mno, na gharama ya kuwabadilishia wateja injini chini ya dhamana iliidhoofisha kampuni hata ikaingia mikononi mwa Volkswagen mwaka 1969. Huko Hiroshima, Toyo Kogyo, iliyouza magari kwa jina la Mazda, ilikuwa imefanya mkataba na NSU mwaka 1961, na mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alikabidhiwa wahandisi 47 ili wautatue mkasa uleule uliowashinda Wajerumani. Kila walipoifungua injini baada ya majaribio walikuta ukuta wa chumba umechorwa mikwaruzo ya mawimbi, ambayo wenyewe waliiita makucha ya shetani, na walihangaika nayo mpaka wakapata sili ya mkaa uliochanganywa na alumini, iliyoweza kuteleza juu ya ukuta bila ya kuuchana. Mwezi Mei 1967 gari la Cosmo Sport likauzwa kwa watu, na ndani yake injini ya rota mbili iliyoitwa 10A.

Nimelitaja jina hilo la 10A kwa makusudi, maana ndilo mwanzo wa nasaba ninayotaka msomaji aione. Baada ya 10A ikaja 12A, ambayo ndiyo injini ya RX-7 ya kwanza, na ikaja 13B. Nusu-kipenyo cha rota katika zote tatu ni milimita 105, na umbali uliohamishwa baina ya kitovu cha shafti na kitovu cha rota ni milimita 15 katika zote. Kinachotofautiana ni unene wa rota tu: milimita 60 katika 10A, 70 katika 12A na 80 katika 13B. Kwa hiyo ujazo wa kila chumba ulitoka sentimita za ujazo 491 ukawa 573, kisha ukawa 654, ilhali upana na kimo cha injini vikabaki karibu vilevile. Anayeitoa 12A na kuiweka 13B katika gari lake anaiweka injini iliyoongezeka urefu kwa milimita 20, unene wa vidole viwili visivyonenepa, na giaboksi ya zamani huipokea kwa matundu yaleyale ya bolti. Katika historia ya magari ni nadra kukuta injini mbili zinazozidiana nguvu kiasi hicho na kufanana umbo kiasi hicho.

Wapo wasemao, na miongoni mwao wamo watu wenye maarifa ambao nawaheshimu, kwamba gari la kale ni hati ya zama zake, na kwamba kuondoa chombo chochote kilichotoka nacho kiwandani ni sawa na kuifuta hati hiyo. Kwa baadhi ya magari nakubaliana nao bila ya kusita. Cosmo Sport ziliundwa chache, hazikufika 1,200 kwa jumla, na mwenye moja kati ya hizo akiitoa 10A na kutia kitu kingine atakuwa amewanyima watu wote walio nyuma yake. Lakini RX-7 ya kizazi cha kwanza iliundwa zaidi ya laki nne, nayo iliundwa ili iendeshwe, na kampuni iliyoiunda ilikuwa imetoka kuokolewa na benki yake baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, ambapo wateja wa Marekani walizikimbia injini za rota kwa ulaji wake wa petroli. Gari lile liliwekwa bei ambayo mtu wa kipato cha wastani aliimudu, likashinda saa 24 za Spa mwaka 1981 mikononi mwa Tom Walkinshaw na Pierre Dieudonné, likatumika kila siku kwenda kazini. Hati ya zama zake si namba iliyopigwa kwenye chuma cha injini peke yake. Ni pia ile hali ya kuwa barabarani na kulia kwa sauti ya rota.

Tena hao wanaodai uasilia wana mashaka mengine ambayo ni lazima wayajibu, nayo ni kwamba Mazda yenyewe ilitangulia kulifanya jambo hili. Gari la Marekani lenye 12A lilikuwa na nguvu za farasi 100 hivi. Mwaka 1984 kampuni ikatoa toleo lililoitwa GSL-SE, lenye bodi ileile, ila chini ya boneti iko 13B inayolishwa petroli kwa nozeli badala ya kabureta, yenye nguvu za farasi 135. Kilichokuwa halali kwa mwenye kuliunda gari kinawezaje kuwa dhambi kwa mwenye kulitunza? Na lipo la haja zaidi kuliko hoja zote hizo. Nyumba za rota, yaani zile pete nene za alumini zilizotiwa kromiamu kwa ndani ambamo rota huzunguka, hulika kwa miaka, na kromiamu ikishabanduka haina dawa ya gereji. Nazo nyumba mpya za 12A zilikoma kutoka kiwandani zamani, ilhali za 13B ziliendelea kupatikana, kwa kuwa 13B iliishi katika magari ya vizazi vilivyofuata hata mwaka 2002, na mtoto wake, Renesis, katika RX-8 mpaka 2012. Anayemwambia mtu mwenye 12A iliyokwisha kwamba asitie 13B, huku akijua hakuna nyumba mpya za kumpatia, anamshauri aliegeshe gari.

Sasa nageukia kundi la pili, ambalo ni kubwa zaidi na ambalo hoja zake ni ngumu zaidi kuzijibu. Hawa husema: iondoe rota kabisa, weka injini ya V8 ya Chevrolet ya bloku la alumini, upate nguvu maradufu, ulale usingizi. Sitasema uongo ili nishinde. Injini hiyo si nzito kama watu wanavyoizulia, nguvu yake huanzia chini bila ya kungoja mizunguko mingi, spea zake zimejaa kila mji wa Marekani, na ikitunzwa huenda kilomita laki kadhaa kabla ya kufunguliwa. Rota haiwezi kushindana nayo kwa hesabu ya petroli, maana chumba chake cha kuwakia ni kirefu na chembamba, chenye eneo kubwa la chuma linalonyonya joto, na sehemu ya petroli hutoka kwenye ekzosi kabla ya kuwaka sawasawa. Haya yote ni kweli, na mtu aliyeamua kwa hiari yake kutia V8 katika mali yake simwiti mhalifu.

Lakini tutazame kinachopotea. Kwanza gari lenyewe: V8 huenda juu na mbele kuliko ilivyokuwa rota, mihimili hukatwa, handaki la giaboksi huchongwa, propela hutengenezwa upya, difu na breki hubadilishwa kwa sababu haziwezi kuhimili, na mwisho wa kazi hiyo kilichobaki cha RX-7 ni mabati na kioo. Pili, na hili ndilo linalonihuzunisha zaidi, hupotea maarifa. Kila gari la rota linalotiwa pistoni hupunguza mteja mmoja wa fundi wa rota, mnunuzi mmoja wa sili, kijana mmoja ambaye angesimama kando ya meza akatazama jinsi injini inavyofungwa. Na ufundi wa namna hii hauhifadhiwi vitabuni, maana vitabu vya kiwandani vipo tele na bado injini nyingi hufungwa vibaya. Huko Puerto Rico, New Zealand na Australia, mahali ambapo Mazda za rota za miaka ya 1970 zimependwa na kushindanishwa kwa vizazi, ufundi umebaki hai kwa sababu watu waliendelea kutia rota mahali pa rota.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeuonja upungufu huo kwa RX-8 zilizotufikia kutoka Japani kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Gari huwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, lakini likishapata moto na kuzimwa kwenye kituo cha mafuta hukataa kuwaka tena mpaka lipoe, nayo hiyo ni dalili mashuhuri ya rota iliyopungukiwa na mshindilio. Fundi asiyepata kufundishwa huichukua geji yake ya kawaida, ambayo hubakiza kipimo kimoja tu kilicho juu kuliko vyote, kumbe kila rota ina nyuso tatu na huenda uso mmoja umekufa ilhali miwili ni mizima. Kisha humwambia mwenye gari kwamba injini za namna hii hazifai, atafute ya Toyota. Lau angeiondoa ile vali ndogo inayozuia pumzi ndani ya geji, akazungusha injini kwa stata huku anautazama mshale, angeuona ukidunda mara tatu tatu, na angejua kwa jicho lake kama midundo ni sawa au mmoja umelegea. Mazda huitaka kila nafasi ya 12A na 13B isipungue kilo 6 kwa sentimita ya mraba, kwa mizunguko 250 ya shafti kwa dakika. Fundi huyo simlaumu, maana hapana aliyemfundisha. Ila kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8, RX-8 zilizopo huko ndizo hizo tu, na kila inayong'olewa rota haitapata mrithi.

Turudi kwenye karakana, tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wanaoitetea kama mimi wana deni la kusema ugumu wake. 13B iliyo rahisi kupatikana ni ile ya RX-7 ya kizazi cha pili, iliyouzwa tangu 1985, nayo hushikwa na vikalio vilivyo pembeni. Gari la kizazi cha kwanza huishika injini yake kwa mbele, kwenye kifuniko cha uso wa injini kinachokaa juu ya boriti. Kwa hiyo kifuniko cha mbele cha 12A hutolewa na kuhamishiwa 13B. Kazi hiyo huonekana ndogo, na injini nyingi zimeharibiwa hapo. Nyuma ya kifuniko, shafti imezuiwa isitembee mbele na nyuma kwa beringi bapa za sindano. Bolti kubwa ya puli ikishalegezwa na shafti ikirudi nyuma hata kidogo, beringi moja huteleza kutoka mahali pake bila ya kutoa sauti, na fundi akikaza tena huibana baina ya vyuma viwili na kuisaga. Fundi hodari huisimamisha injini wima, upande wa flaiwili ukiwa chini, ili uzito uiweke beringi palipo pake. Hukaza, kisha huweka saa ya kupimia kwenye flaiwili, huisukuma shafti huku na huku, na hataki kuona mchezo uliopungua milimita 0.04 wala uliozidi 0.07. Kabla ya kufunika hubadilisha pete ndogo ya mpira kwenye tundu la oili, ambayo ikibanwa vibaya hushusha mgandamizo wa oili, na mwenye gari akaanza kutafuta ubovu mahali pasipo ubovu.

Flaiwili nayo ina hukumu yake. Rota za 12A na za 13B hazina uzito mmoja, na hata za 13B zenyewe hutofautiana kwa miaka, na uzito wa kusawazisha umewekwa sehemu mbili, mbele ya shafti na nyuma yake. Anayeifunga 13B na flaiwili ya 12A kwa sababu tu imeingia, ameiondolea injini ule utulivu ambao ndio fahari yake yote. Nati ya flaiwili ni ya milimita 54, hukazwa kwa nguvu nyingi na gundi ya nyuzi, na aghalabu haitoki mpaka ipashwe moto na spana yenye mpini mrefu kuliko mkono wa mtu. Kadhalika matundu sita ya kuingizia hewa katika 13B isiyo na turbo: mawili kati yake hufunguka mizunguko ikiwa mingi, na katika injini za miaka ya mwanzo hufunguliwa kwa mgandamizo wa moshi ndani ya ekzosi. Mtu hutia ekzosi pana isiyo na kizuizi, akifurahia sauti, kisha hustaajabu kwa nini injini mpya inachoka mapema. Ni kwamba mgandamizo haupo na matundu hayafunguki.

Lakini sehemu ambayo sina huruma nayo kabisa ni upoozaji. Katika injini ya rota, upande wa plagi huwa wa moto daima na upande wa kuingizia hewa huwa wa baridi daima, na nyumba za alumini zimebanwa baina ya sahani za chuma cha kusubu ambazo hazitanuki kwa kiasi kimoja nazo. Kuchemka mara moja tu kwatosha kuziua sili za maji. Oili nayo haifanyi kazi ya kulainisha peke yake: huingia ndani ya rota na kuzipooza, na kidogo yake huchomwa kwa makusudi ili kuzilainisha ncha, kwa pampu ndogo ambayo wengine huing'oa wakachanganya oili katika tangi la petroli. RX-7 za tangu 1983 zenye 12A zilipewa kipoza-oili kidogo kinachokaa juu ya injini na kupozwa na maji ya rejeta, ilhali GSL-SE ilipewa kipoza-oili kikubwa cha hewa mbele ya gari, pamoja na breki kubwa zaidi. Mazda ilijua ilichokuwa ikifanya. Anayeiga injini ya GSL-SE sharti aige na breki zake na kipoza-oili chake, na asiyekuwa na fedha za vyote vitatu angoje.

Vipo vishawishi vikubwa zaidi, nami navitaja kwa haraka. Injini ya rota tatu iitwayo 20B, iliyotoka katika Eunos Cosmo baina ya 1990 na 1996, ina sauti isiyosahaulika, lakini urefu wake huilazimisha ikate ukuta wa gari au isogee mbele na kuuvuruga ule mgawanyo wa uzito, na kwa maoni yangu gari dogo lenye uzito wa tani moja na kidogo halikuumbwa kwa ajili yake. Renesis ya RX-8 ni nafuu, nayo hutoa moshi kwa ubavuni badala ya ukingoni, jambo lililoipunguzia ulaji na uchafu. Ila huhitaji kompyuta yake ya pekee na huchukia turbo. Kwa RX-7 ya kwanza, 13B ya matundu sita bila ya turbo ndiyo ninayoichagua: huongeza nguvu kwa theluthi moja au zaidi, wala haimnyimi dereva kitu chochote alichokipenda katika gari lile.

Badiliko lenyewe lisifichwe. California hutaka injini inayotiwa iwe ya mwaka uleule wa gari au wa baadaye, na vyombo vyake vyote vya kusafisha moshi viwepo, mbele ya mkaguzi; na hata mahali ambapo sheria ni legevu, muuzaji anayemwachia mnunuzi adhani kwamba anaipata 12A ya kiwandani amemdhulumu. Namba mpya iandikwe katika kadi ya gari, na injini ya zamani, iliyotiwa oili na kufungwa matundu yake, iende na gari kila linapobadilisha mwenyewe, kwa kuwa huenda siku moja akatokea wa kuifufua.

Na kufufuka kwake kunategemea Hiroshima. Mwaka 2023 Mazda iliirudisha rota katika gari la MX-30, rota moja ya sentimita za ujazo 830 inayozalisha umeme tu, na tarehe 1 Februari 2024 ikaunda upya kikosi cha wahandisi 36 wa injini hiyo. Nalipokea jambo hili kwa furaha. Hata hivyo injini mpya si ya kipimo cha milimita 105, kwa hiyo haitazaa hata sili moja kwa magari ya kale. Kampuni imekwisha kutengeneza upya baadhi ya spea za RX-7 za kizazi cha pili na cha tatu, basi haiwezi kusema kwamba haina njia. Naiomba ishuke kizazi kimoja zaidi: itoe tena nyumba za rota za 12A, hata kwa fungu dogo linalolipiwa kabla, iahidi kwa maandishi kwamba nyumba na sahani za 13B hazitakoma kutengenezwa bila ya ilani ya miaka kadhaa, na ikiwa hesabu zake zinakataa yote hayo, iwape leseni na michoro wenye viwanda vidogo huko Australia, New Zealand na Marekani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipima vipande vilivyochakaa kwa mikono yao ili wapate vipimo ambavyo Mazda inavyo tayari.